Mwezi Ulioandama Simuni

Ridhwani wa Faza alikuwa na kanuni moja maishani, na aliirudia mpaka mamake akachoka kuisikia: kitu kilichokwisha tengenezwa, usikitengeneze tena. Akaishi hivyo hasa. Suruali alinunua zilizoshonwa, samaki alinunua aliyekwisha kaangwa, na hata chai aliinywea kwa jirani. Kibanda chake kilikuwa hatua chache kutoka gatini, na humo alifufua simu zilizoingia maji ya chumvi, akachapa barua za kuomba kazi, akawajazia watu fomu za serikali. Alifika miaka thelathini na minane hajaoa, na mamake akawa akisema kwamba mwanawe anangoja mke aliyekwisha zoeshwa nyumba na mwanamume mwingine. Alisema kwa mzaha, lakini Mungu humsikia hata mwenye mzaha.

Lililompa jina kisiwa kizima cha Pate halikuwa simu mbovu. Ridhwani alisoma chuo Mombasa miaka miwili, akarudi bila cheti, na mkononi ana kompyuta kuukuu na lugha moja ya kuandikia programu, Java. Sasa usiogope, msomaji, hapa si pa kupotea. Lugha hizi hazikabidhiwi mtu zikiwa tupu. Huja na maktaba yake, na maktaba yenyewe ni kama kabati la jikoni lililojazwa vyombo kabla hujahamia: kuna cha kupangia majina, kuna cha kukatia maneno, cha kuwekea orodha, cha kuhesabia siku. Kila chombo wenyewe wanakiita darasa, ingawa hakina mwanafunzi wala chaki, na kila darasa lina amri zake za kulitumikisha: jumlisha, punguza, linganisha, geuza. Huna haja ya kujua nani alikifua. Unakiita kwa jina, unakiamrisha, nacho kinatenda. Ridhwani alipoligundua kabati hilo aliona kwamba duniani kumbe yuko mtu mwingine mwenye akili kama yake.

Katika kabati hilo akakuta darasa la tarehe za Hijra. Hakuamini. Akalipatia tarehe ya siku ile ya kizungu, nalo likamrudishia mwezi na siku ya Kiislamu bila kupepesa. Akaliamrisha lijumlishe miezi minne na siku kumi, likajumlisha. Kila darasa huja na maelezo yake, na Ridhwani aliyasoma: mistari mitatu ya juu, ile inayosema namna ya kuliita. Chini yake kulikuwa na maelezo mengine marefu. Hakushuka huko, kwani mtu aliyepewa sufuria anasoma nini tena?

Wiki mbili baadaye programu ikawa tayari, akaiita Mwandamo. Ilikuambia arubaini ya maiti wako itaangukia lini, saumu sita za Mfunguo Mosi zinaanza siku gani, nisfu Shaabani ni lini, na mjane anatoka lini eda, ile miezi minne na siku kumi ya kungoja kabla ya kuolewa tena. Ikaenea kutoka simu hadi simu kama upele. Bibi waliokuwa wakihesabu siku kwa kokwa za tende ndani ya bakuli, wakazimwaga kokwa. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwa na simu, na waliokuwa nayo waliona raha kuulizwa tarehe na kujibu papo hapo.

Mtu mmoja tu katika mji jirani wa Siyu ndiye hakuitaka. Huyo ni Barka, kijana wa pikipiki, ambaye pia ndiye muadhini wa msikiti mdogo karibu na kwao. Ridhwani alipotaka kumwekea Mwandamo, Barka alirudisha simu yake mfukoni. "Mimi nikitaka kuyua mwezi, natoka nde nautezama," alisema, akawasha pikipiki. Ridhwani alimhurumia.

Mwaka wa pili wa Mwandamo, katika Mfunguo Saba, mwezi wa saba baada ya Ramadhani, Mahdi mshona viatu vya ngozi wa Siyu akafa kwa ugonjwa wa ini. Aliacha mke asiye na mtoto, Fahima. Ridhwani alimjua Fahima kwa simu ya mumewe, ambayo aliitengeneza na mwanamke yule akairudisha Faza mara mbili, akisema haijapona, na mara zote mbili alikuwa na haki. Hakuna mteja aliyewahi kumsumbua hivyo, wala hakuna aliyemkaa moyoni hivyo, astaghafiru, maana alikuwa mke wa mtu. Akamzika mwenyewe Mahdi pamoja na watu. Siku ya tatu Zaki, kaka wa Fahima, aliyekuja kutoka Mombasa kwa msiba, akamwomba amhesabie eda ya dadake. Ridhwani akaiingiza tarehe ya kifo kwa kidole chake mwenyewe.

Alichunga mipaka, tumpe haki yake. Mwanamke aliye katika eda hachumbiwi, na Ridhwani hakutuma neno, hakutuma salamu, hakupita hata kichochoroni. Lakini hakuna sheria inayomkataza mtu kutazama simu yake. Kila asubuhi kabla ya chai alifungua Mwandamo akasoma siku zilizobaki. Asubuhi ya Alhamisi moja ya mwezi wa Shaabani kioo kikaandika: IMETIMIA. Kabla jua halijapanda sawasawa alikuwa Siyu, nguo zimepigwa pasi, akizungumza na Zaki.

Zaki, aliyerudi Siyu kumtoa dadake edani, naye alikuwa na haraka zake. Jumamosi alitakiwa Mombasa kazini, Ramadhani ilikuwa inabisha hodi, na bwana aliyemjia dadake alikuwa na jina zuri na kibanda. Akaona ya nini kungoja. Wakapata shehe wa kufungisha, wakapata mashahidi, halua na kahawa zikatokea zilikotokea. Kabla hawajakaa, Zaki aliingia ndani, akakaa kitambo, akatoka. "Ameridhika," akasema. Baada ya sala ya alasiri nikaha ikafungwa, na watu walitawanyika saa moja kabla ya magharibi, vidole vyao vina mafuta ya halua.

Ukaja mwaka ambao Ridhwani hakujua kwamba maisha yanao. Alihamia Siyu kwa mkewe, na kila asubuhi Barka alimpeleka Faza kwa pikipiki na kumrudisha alasiri. Fahima alimfundisha kukaanga samaki mwenyewe, akimcheka jinsi anavyoruka mafuta yakitoa cheche. Mimba ikaingia. Mwanamke aliyekaa na Mahdi miaka tisa bila kuzaa, sasa tumbo lilikuwa la miezi saba, na kila jioni aliuchukua mkono wa Ridhwani akauweka pale mtoto anapopiga teke. Mwanamume mzima alikuwa akilia.

Basi ikarudi Shaabani.

Jumatatu moja asubuhi Barka alimkuta Ridhwani mlangoni hajanywa chai. Mwandamo ulisema leo ni kumi na tano, nisfu Shaabani, naye amefunga.

"Umefunga kumi na nne," Barka akasema. "Nisfu ni kesho. Simu yako ina mbio."

"Simu haina mbio. Nyinyi ndio mumechelewa," Ridhwani akajibu, akapanda nyuma.

Walikuwa wamekwisha toka mjini, njia ya mchanga, Barka akisema kwa sauti juu ya mlio wa pikipiki, bila ubaya, kama mtu anayesimulia mvua ya mwaka jana. "Hata mwaka uliopita ilikimbia Shaabani hii hii. Rajabu hatukuuona mwezi usiku wa thalathini, kulikuwa na mawingu, tukatimiza thalathini. Simu zenu zikaingia Shaabani siku moya kabla ya watu. Kisha Shaabani yetu ikawa ishirini na tisa, mukatungoja, tukaingia Ramadhani pamoya. Ndipo watu hawakuyua."

Ridhwani alicheka. Alicheka mpaka wakapita minazi miwili mitatu. Kisha akamshika Barka bega.

"Simama," akasema.

"Kuna nini?"

"Simama, Barka. Shaabani ya mwaka uliopita? Una hakika?"

"Nimeandika."

Wakarudi. Nyuma ya msikiti kulikuwa na stoo ya mikeka na jeneza, na upande wa ndani wa mlango wake Barka alikuwa akiandika kwa penseli, mwezi baada ya mwezi, mwaka wa saba sasa, jina la mwezi na mbele yake namba moja: 29 au 30. Hakukuwa na zaidi. Alirithi kazi hiyo kwa muadhini aliyemtangulia, ambaye hati yake ilikuwa juu zaidi, imeanza kufifia. Ridhwani alipitisha kidole. Mfunguo Saba. Mfunguo Nane. Mfunguo Tisa. Rajabu, 30.

Akatoa simu. Rajabu ya Mwandamo: 29.

Akahesabu kwa vidole, akahesabu tena kwa simu, akahesabu mara ya tatu kwa namba za mlangoni. Mara zote ilikuja vilevile. Eda ya Fahima haikutimia Jumatano magharibi kama simu ilivyosema. Ilitimia Alhamisi, magharibi. Nao waliifunga nikaha Alhamisi, baada ya alasiri, mwanamke bado yumo edani, zimebaki saa mbili na kitu. Wangengoja adhana moja tu. Adhana moja, na hii hii ya Barka.

Akauegemea mlango. Barka alimshika mkono akadhani ni saumu, akamwambia akae, naye akakaa chini pale pale kando ya jeneza. Alijua hukumu yake kama anavyoijua kila mtoto aliyepita chuoni: nikaha inayofungwa ndani ya eda si nikaha. Mwaka mzima. Mto mmoja, sahani moja. Mtoto tumboni.

Baadaye, akiwa bado chini, alifanya lile aliloacha kulifanya miaka mitatu nyuma. Alifungua maelezo ya lile darasa, akashuka chini ya mstari wa tatu. Yalikuwa wazi, wala hayakufichwa: darasa hili lafuata kalenda ya Ummul-Qura, inayopangwa Saudia kwa hesabu. Miezi yake imekwisha andikwa, ya miaka mingi nyuma na miaka mingi mbele. Haingoji mtu atazame mwezi, haijui wingu la Siyu. Waliolitengeneza walisema kweli yao yote, ni yeye aliyelichukua bila kuuliza. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Hakwenda Faza siku hiyo. Alimpigia Shehe Jeilani wa Wiyoni, aliyemsomesha Kurani utotoni, akamweleza huku sauti inakatika. Shehe alimfanya azirudie tarehe mara mbili.

"Mwanangu," akasema mwisho, "nikaha hiyo ni batili. Nyinyi hamukuyua, kwa hivyo dhambi hapana inshallah, na mtoto ni wako, asikubabaishe mtu. Eda ya marehemu nayo imekwisha yenyewe magharibi ile. Lakini tangu saa hii yule si mkeo. Toka ile nyumba. Ukimtaka, mpose upya, kwa walii wake, yule kakake, na mashahidi na mahari."

"Nitamwita Zaki leo leo, Shehe."

"Polepole. Mjane si kama mwanamwali, hasemewi na kunyamaza kwake hakutoshi. Lazima atamke mwenyewe. Mara ile, alitamka?"

Ridhwani alimkumbuka Zaki akitoka ndani, mkono umeshika pazia. Ameridhika. Akamwambia Shehe kwamba hajui. Na hilo, kuliko lile la kwanza, ndilo lililomtia baridi.

Fahima alikuwa kiwandani, uani mwa nyumba, ameketi juu ya kibao cha mbuzi, anakuna nazi. Ridhwani hakuvuka kizingiti. Alisimama mlangoni kama mgeni, akayasema yote kwa mfululizo, Rajabu, mlango wa stoo, Ummul-Qura, saa mbili na kitu, akimaliza sentensi moja anaiparamia nyingine kwa kuogopa kimya. Alitegemea ukelele. Alitegemea aanguke. Alikwisha jipanga namna ya kumwita jirani wa kike amshike.

Fahima aliikung'uta nazi kwenye sinia. Kisha akafunika uso kwa viganja vyake vyeupe vya machicha.

"Basi hayakukosa," akasema kutoka ndani ya viganja.

"Nini hayakukosa?"

"Mato yangu." Akainua uso, akayagusa macho. "Mimi eda yangu nalihesabu kwa kokwa, Bwana Ridhwani. Kokwa moya kila magharibi, humu humu kiwandani. Usiku ule wa Rajabu kuisha nalitoka nikatezama yuu, hapana mwezi, mawingu. Nikatia kokwa ya thalathini. Alhamisi ile Zaki alipoingia kuniambia, nalikuwa na kokwa moya mkononi, siyaitia. Nikamwambia, kaka, yangu haiyatimia, imebaki moya. Akaniambia simu imesema imetimia. Nikamwambia nihesabie tena. Akaniambia kompyuta haikosei, wewe umelia miezi minne, mato yako yamechoka."

Ridhwani alishika mwimo wa mlango.

"Nikasema labda ni kweli," Fahima akaendelea, taratibu, bila kumtazama. "Nimelia sana. Labda kuna magharibi moya nalitia kokwa mbili na siyui. Akatoka. Nikasikia watu wanasema amina."

"Hakukuuliza kama umeridhika?"

"Aliniuliza kanzu yake ya pili iko wapi."

Mtu anaweza kupigwa mara mbili mahali pamoja, na la pili likauma zaidi. Ridhwani alidhani amevuruga hesabu ya siku. Kumbe alimnyang'anya mwanamke ulimi kwa kitu alichokitengeneza kibandani akinywa chai ya jirani, na kitu chenyewe hakukitengeneza hata yeye. Aliona aibu ambayo hana pa kuiweka. Machozi yalimtoka na hakuyapangusa.

"Mwaka mzima ulikuwa na shaka," akasema, "na hukuniambia."

"Ningekwambia nini? Kwamba nimeyua kuliko simu yako?" Akasema bila ukali, na hapo ndipo palipouma. "Nalikuwa nafunga Jumatatu na Alhamisi, nikisema kama kuna kosa Mungu anisamehe. Wewe ukadhani ni sunna."

Alikuwa amedhani ni sunna. Alikuwa hata akimsifu kwa watu.

Ridhwani akasema, kwa sauti ndogo, kwamba atamwita Zaki, atatafuta mashahidi, na kama yeye Fahima atakubali, leo hii kabla ya magharibi wanaweza. Neno lilipomtoka aliona alivyosema, akajiziba mdomo.

Fahima alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aanze kusema. Mkono mmoja ulikuwa juu ya tumbo. "Wewe na kabla ya magharibi," akasema. "Sikiza. Nguo zako nitazifunga, Barka atakuletea. Kalale kwa mamako. Jawabu yangu nitaitoa mwezi wa Ramadhani ukiandama. Si wa simu. Utakaouona wewe, kwa mato yako, uye uniambie umeuona. Ndipo utaniuliza, nami nitasema ninalolitaka kusema, ndiyo au la."

"Na ikiwa la?"

"Ndipo utakuwa umeuliza na kuyibiwa, kama watu."

Siku zile kumi na tano zilimla. Mamake alimpikia, hakula. Watu wa Faza waliuliza mbona halali Siyu, naye, badala ya kuficha, akawaambia ukweli, na akaandika ujumbe katika Mwandamo ukatokea simu zote: programu hii ilifuata miezi isiyokuwa ya kwetu, mimi sikusoma, msiitumie kwa eda wala saumu. Wako waliocheka. Wako waliompigia wakimlaani, na mmoja, mwanamke wa makamo, alilia tu kisha akakata. Ridhwani hakujua yake yalikuwa yapi. Akaanza kuulizia nyumba kwa nyumba, wajane wote aliowahesabia. Walikuwa sita. Watano, alhamdulillahi, walikuwa salama kwa hesabu ya mlango wa Barka. Wa sita ndiye wake.

Jioni ya tarehe ishirini na tisa, ya watu, alipanda na Barka dari ya msikiti. Simu mfukoni ilikuwa imekwisha sema kesho ni Ramadhani, na kwa miaka mitatu neno hilo lingemtosha. Walitazama magharibi juu ya mikoko. Mawingu yalikuwa yamelala pale pale, mazito, hayana hata mwanya. Akakodoa macho mpaka yakamwuma. Mara tatu alidhani ameona, na mara tatu Barka akamwambia hilo si mwezi.

"Labda uko nyuma ya wingu," Ridhwani akasema.

"Labda. Umeuona?"

Kiu ya kusema ndiyo ilimjaa kinywani. Nyumba ya Fahima ilikuwa pale chini, angeweza kuona taa yake. Nani angejua? Barka alikuwa akimtazama.

"Sikuuona," akasema.

Wakashuka. Barka akaandika mlangoni: Shaabani, 30. Ridhwani akarudi Faza kwa miguu, hakutaka pikipiki, akalala hajalala, na kesho yake akashinda mchana wa siku ambayo kwa simu ilikuwa Ramadhani na kwa Siyu haikuwa bado. Hajawahi kuishi siku ndefu kama ile. Ndiyo siku moja aliyomnyima Fahima, sasa alikuwa ndani yake mwenyewe, saa kwa saa, na aliujua urefu wake.

Jioni anga ilikuwa safi. Mwezi ulikuwa mwembamba kama ukucha, wala haukuhitaji kutafutwa. Barka alikuwa bado anavuta pumzi aadhini, Ridhwani alikwisha fika mlangoni pa Fahima, viatu mkononi. Akangoja hapo. Akangoja adhana ikaanza, ikaenda, ikaisha mpaka neno la mwisho.

Fahima alifungua nusu ya mlango. Katika kiganja alikuwa ameshika kokwa ya tende.

"Umeuona?"

"Nimeuona."

"Kwa mato?"

"Kwa mato."

"Basi niulize."

Akamuuliza. Maneno aliyoyapanga siku kumi na sita yakamtoroka, akabaki na hayo machache tu: Fahima, waridhia kuolewa nami? Nyuma yake kichochoroni watu waliokuwa wakienda msikitini walikuwa wamesimama, na hakuna aliyejifanya kwamba anapita.

Fahima hakuharakisha. Aliitazama kokwa, akaiweka juu ya kibao cha dirisha, akapangusa kiganja kwa leso.

"Naridhia," akasema, kwa sauti ya kusikika hadi msikitini. "Mwambie Barka amwite Zaki. Na Zaki akiuliza ni nani aliyehesabu, mwambie ni mimi."